"Haongei" Wako Wengi: Kumtafutia Mtoto Tiba ya Usemi Januari Hii

Januari ya huku Mbeya ina foleni zake. Ipo ya sare pale Mwanjelwa, ipo ya madaftari, ipo ya ofisini kwa mwalimu mkuu kuandikisha watoto wa awali na wa darasa la kwanza. Halafu ipo moja isiyo na benchi wala namba, ya wazazi wanaouliza kwa sauti ya chini: "Jamani, huyu wangu mbona haongei?"

Swali hilo huiva mwezi huu kwa sababu Krismasi imetoka kutukutanisha. Watoto wa rika moja wamekalishwa kwenye jamvi moja, na watu wazima wamelinganisha hata kama hawakutaka. Kwetu ilikuwa Krismasi ya mwaka juzi, Tukuyu, mvua ya Desemba inapiga bati mchana kutwa. Mtoto wa dada yangu, nitamwita Gwakisa ingawa si jina lake, alikuwa na miaka miwili na miezi saba. Binamu yake, mdogo kwake kwa miezi minne, alikuwa mlangoni anagombana na bata: "Toka we bata, ntakupiga!" Gwakisa akavuta sketi ya mama yake, akanyoosha kidole kwenye kikombe, akasema "mm". Akiba yake yote ya maneno ilikuwa mama, "ba", na "ma" ya maji.

Basi kikao kikakaa chenyewe. Bibi alichukua mfuniko wa sufuria, akanyata hadi nyuma ya mtoto, akaugonga kwa mwiko. Mtoto akageuka. "Masikio mazima," akasema bibi, "ni udata huo, uzi wa chini ya ulimi, akakatwe." Baba mkubwa akakumbusha kwamba baba wa mtoto naye alianza kusema akiwa na miaka minne, na leo hanyamazi. Shangazi akailaumu simu na katuni zake. Mimi, mama mdogo msomi wa familia, nililaumu kimoyomoyo mchanganyiko wa lugha: Kinyakyusa kwa bibi, Kiswahili nyumbani, nyimbo za Kiingereza za shule ya jirani. Kila mmoja alikuwa na jibu na hakuna aliyekuwa na swali. Na swali lenyewe lilikuwa: haongei vipi?

Maana neno hili moja tunawavisha watoto wasiofanana hata kidogo. Yupo asiyesikia vizuri, kwa hiyo maneno hayamfikii yakiwa kamili. Yupo anayesikia na kuelewa kila kitu, ukimwambia "lete kandambili za baba" analeta, ila maneno yake ni machache kuliko umri wake. Yupo mwenye maneno tele lakini anatamka hivi kwamba mama yake peke yake ndiye mkalimani. Yupo anayeimba wimbo mzima wa kwenye simu, anataja rangi na namba, lakini hakuiti uje uone kitu, hageuki akiitwa jina, hakuoneshi kwa kidole ndege anayepita. Na yupo anayekwama: "ma-ma-ma-mama". Wataalamu hutenganisha usemi, yaani sauti zinavyotoka kinywani. Lugha, yaani kuelewa maneno na kuyapanga. Na mawasiliano, yaani ile hamu na ufundi wa kumfikia mtu mwingine. Mtoto anaweza kukwama kwenye kimoja na vingine vikawa sawa. Tiba ya mmoja haimfai mwenzake, ndiyo maana ushauri wa jirani ambaye "wangu alipona hivi" haufiki mbali.

Kuhusu umri, watu hupenda wapewe namba, nami nitazitoa, ila zishikwe kwa mkono mwepesi. Karibu na mwaka mmoja mtoto awe anabwabwaja ba-ba na da-da, anapunga mkono wa kwaheri, anaonesha kwa kidole. Mwaka na nusu, maneno machache yenye maana. Miaka miwili, anaanza kuunganisha mawili: "taka maji", "baba enda". Msishangae viambishi kudondoka. Watoto wa Kiswahili huanza hivyo hivyo, "taka" kabla ya "nataka", na hilo si kasoro. Miaka mitatu, mgeni anayeingia nyumbani aelewe sehemu kubwa ya anachosema.

Na yale maneno 50 ambayo husemwa mtoto awe nayo? Ukitafuta utakuta sehemu moja imeandikwa miaka miwili, nyingine miaka miwili na nusu, ukachanganyikiwa. Vipimo vya zamani vililenga mtoto wa wastani. Orodha ya kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa iliyorekebishwa mwaka 2022 inalenga kiwango ambacho walau watoto watatu kati ya wanne wamekwisha kukifikia, kwa hiyo maneno 50 yakasogezwa hadi miezi 30. Maana yake ni kwamba ukikuta mtoto hajafika hata hapo, usiseme "bado bado". Huo ndio umri wa kwenda.

Kuna ishara mbili ambazo hazingoji umri huo. Ya kwanza ni mtoto aliyekuwa na maneno kisha yakapotea. Ya pili ni mtoto wa mwaka mmoja ambaye haoneshi kwa kidole, hageuki akiitwa, habwabwaji. Hao wapelekwe wiki hii.

Baba mkubwa hakuwa mwongo, lakini. Wapo watoto wengi wanaochelewa kisha wanawafikia wenzao bila tiba yoyote, na kuchelewa hurithiwa kweli katika ukoo. Tatizo ni kwamba ukimtazama mtoto wa miaka miwili huwezi kujua kama yumo kati ya watakaofika wenyewe au la. Anayeelewa vizuri na kutumia mikono yake kuongea ana dalili njema kuliko asiyeelewa. Zaidi ya hapo ni kubahatisha, na anayebahatishiwa hakuulizwa. Mhudumu mmoja wa kituo tulichokwenda mwanzoni alituambia, bila hata kumtazama mtoto, "atasema tu akifika shule". Shule haina dawa ya sikio.

Sikio kwanza, ulimi baadaye

Nirudi kwenye mfuniko wa bibi, kwa sababu kipimo hicho kinafanyika kila kijiji kutoka Kyela hadi Mafinga na kimedanganya familia nyingi. Kugonga sufuria ni kelele kubwa sana. Mtoto mwenye usikivu uliopungua nusu bado ataisikia. Asipoisikia, huenda akaona kivuli, au akahisi mtikisiko wa sakafu, au akageuka kwa sababu wengine wote chumbani wamekodoa macho nyuma yake. Kusikia kishindo na kusikia lugha ni mambo mawili.

Sauti za lugha hazilingani nguvu. Irabu ni nene, zinapenya; konsonanti kama s, sh, f na t ni nyembamba, zinazimika upesi. Kiswahili kimejaa irabu, kila silabi karibu inaishia nazo. Sasa chukua maneno shika, fika na pika, uyapitishe kwenye sikio lililozibwa kidogo. Yote matatu yanatoka "i-a". Mtoto huyu atageuka ukimwita, atacheza muziki ukipigwa, na hatapata kamwe sababu ya kujua kwamba kushika na kupika ni vitu viwili.

Kinachoziba mara nyingi ni maji yanayojikusanya nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua. Hayaumi, hayatoki nje, huwezi kuyaona kwa tochi ya simu. Mengi hukauka yenyewe ndani ya miezi mitatu, lakini mtoto anayeshikwa na mafua kila baada ya wiki mbili hana miezi mitatu ya kukauka. Ukiona mtoto analala mdomo wazi, anakoroma kama mzee, taja hilo kwa daktari. Zile tunazoita nyama za puani zinaweza kuhusika. Usaha unaotoka sikioni nao si "meno yanaota". Na akitiwa mafuta ya moto au maji ya majani, tatizo moja linakuwa mawili.

Upo pia upungufu wa kudumu, unaotokana na homa ya uti wa mgongo, manjano kali ya uchanga, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, baadhi ya dawa za sindano zikitumika sana, au kurithi. Shirika la Afya Duniani linakadiria watoto milioni 34 duniani wana upungufu wa usikivu unaohitaji msaada, na kwamba asilimia 60 ya upungufu wa utotoni ungeweza kuzuiwa. Hawa husaidiwa na shimesikio, kifaa kidogo cha sikioni kinachokuza sauti, na kwa baadhi ya walioathirika sana, kifaa cha kupandikizwa ndani ya sikio, upasuaji ambao Muhimbili ilianza kuufanya mwaka 2017. Kote huko umri ni pesa: sikio linalofunguliwa mapema hukuta ubongo bado una nafasi ya lugha.

Kupima hakutishi. Kipo kifaa kinachowekwa mlangoni mwa sikio kikasukuma hewa kidogo na kuonesha kama ngoma inatikisika. Mtoto hatakiwi kujibu chochote, na hakiumi. Kipo kinachopima akiwa amelala. Mkubwa kidogo hupewa mchezo: kila ukisikia "piii", tia kibao kwenye kopo. Hospitalini ulizia kliniki ya masikio, pua na koo.

Udata sasa. Ni ule uzi wa chini ya ulimi ukiwa mfupi. Unaweza kumsumbua mchanga kunyonya, na pengine kuharibu sauti chache zinazohitaji ncha ya ulimi kupanda, kama r na l. Haumfanyi mtoto akose maneno. Mtoto mwenye udata atasema maneno yake mengi tu, yakiwa na dosari. Kwa hiyo kukata ulimi wa mtoto mwenye maneno matatu ni kutengeneza mlango wa nyumba isiyo na kuta, na ikifanywa kwa wembe wa mtaani ni kumtafutia damu na maambukizi. Daktari ndiye aangalie kama kuna cha kukata. Kimeo ndiyo kabisa hakihusiki.

Na kwa kuwa nimetaja r na l: huku kwetu lugha nyingi za asili hazizitenganishi, na watu wazima tuna wabunge, mapadri na walimu wanaosema "lafiki" na "kula ya siri". Mtoto wa miaka mitano anayesema "lafiki" kwa sababu bibi, baba na mwalimu wanasema hivyo hana ugonjwa. Anaongea kwa lafudhi ya kwao. Nimeona mzazi akitaka kulipia tiba kwa hilo, nikamwomba aanze na yeye mwenyewe.

Kosa langu nalo nilikiri. Lugha mbili au tatu hazimcheleweshi mtoto. Akiwa na maneno kumi ya Kiswahili na kumi ya Kisafwa, ana maneno ishirini. Mnahesabu yote pamoja. Kumnyamazisha bibi asiongee lugha yake ni kumpunguzia mtoto mtu wa kuongea naye, tena yule mwenye muda kuliko wote.

Kwenda wapi, na kuna nini huko

Njia ya kawaida ni kuanzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya mpate barua ya rufaa, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa, na kwa ukanda huu Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Piga simu au uliza kwanza siku za kliniki husika kabla ya kupanda gari kutoka Makete. Uliza pia bima yako inagharamia nini, kipimo na tiba kila kimoja kivyake, maana jibu la kimoja si jibu la kingine.

Wataalamu wa tiba ya usemi wenyewe, wale ambao watu wa mjini wanawaita "wa spichi", ni wachache nchini na wengi wako Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya. Huku utakutana zaidi na daktari wa watoto, mtoa tiba kwa vitendo, mwalimu wa elimu maalumu. Msiwadharau. Mtoa tiba kwa vitendo anajua mengi kuhusu mchezo, umakini na ulaji wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo au usonji. Kila halmashauri ina afisa wa elimu maalumu ambaye ni wa kumwona mapema ikiwa mtoto anaingia shule mwaka huu; Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa mtoto huyo haki ya kusoma kama wenzake, na mwalimu mkuu hana ruhusa ya kukwambia "mrudishe akishaanza kuongea".

Kinachowezekana kwa umbali huu, na kinachofanya kazi kuliko watu wanavyodhani, ni kwenda kwa mtaalamu mara moja kwa tathmini kamili, halafu kuendelea kwa simu ya video kila wiki au wiki mbili. Mwulize amesomea wapi na amesajiliwa na nani, bila aibu. Akikuahidi kwamba mtoto ataongea ndani ya mwezi, chukua mwavuli wako uondoke.

Nenda na kadi ya kliniki. Nenda na daftari lenye kila neno analosema, liandikwe jinsi anavyolitamka, na video mbili fupi za simu: moja akila, moja akicheza bila kujua anarekodiwa. Watoto wengi hunyamaza kama jiwe mbele ya mtu wa koti jeupe. Utaulizwa alilia mara tu alipozaliwa, alilazwa kwa nini, nani anashinda naye mchana. Hilo la mwisho ujibu kweli. Kama ni dada wa kazi, basi dada wa kazi naye aje, kwa sababu ndiye atakayefanya tiba.

Usishangae kipindi chenyewe kikionekana mchezo mtupu. Dada yangu alitoka cha kwanza amenuna: "Nimelipa hela yote ile, tumeviringisha mpira na kupuliza mapovu." Mtaalamu alikuwa anapuliza povu moja, anafunga kichupa, anamtazama mtoto, ananyamaza. Sekunde tatu, nne, saba. Sisi tulikuwa tunahangaika kwenye viti. Gwakisa akamtazama machoni, akasema "pu". Mtaalamu akasema, "Puliza," akapuliza. Hiyo ndiyo ilikuwa tiba. Hela tulilipia zile sekunde saba, ambazo nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kumpa.

Nyumbani, ambako kazi ipo

Nusu saa kwa wiki na mtaalamu ni tone. Siku za mtoto ziko jikoni na uani. Na nyumba zetu zina upendo wa aina fulani unaofunga mdomo: mtoto akitupia jicho kikombe, watu watatu wameshamletea. Haombi kwa sababu hana haja ya kuomba. Dawa yake si kumnyima maji hadi aseme, hiyo ni mateso na inamfundisha kuchukia maneno. Ni kuchelewa kidogo, au kumpa vitu viwili achague: "Ndizi au parachichi?" Akionesha kwa kidole, mpe, huku unasema "ndizi".

Kosa lingine ni mtihani. "Hii nini? Sema paka. Sema! Hii nini?" Mtu mzima ukifanyiwa hivyo dakika tano utaondoka. Mtoto anajifunza neno kwa kulisikia mara nyingi likiwa mahali pake, ndani ya kitu anachokifanya. Siku moja mama yake Gwakisa alikuwa anachagua mchele wa Kyela kwenye ungo, mtoto kakaa kando. Akaokota kijiwe akakinyanyua. Zamani angeambiwa "acha kuchezea mchele". Siku hiyo akaambiwa, "Jiwe. Tupa jiwe." Akatupa. Akatafuta jingine. "Jiwe jingine. Tupa jiwe." La tano au la sita akasema "iwe". Mama hakumsahihisha, wala hakupiga vigelegele vya harusi, alisema tu, "Ee, jiwe. Jiwe dogo." Akisema moja, mrudishie mawili. Akisema mawili, mrudishie matatu.

Simu, ambayo shangazi aliilaumu, haileti ububu, lakini inakula saa ambazo mtoto angekuwa na mtu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri asiwekewe skrini kabla ya kutimiza miaka miwili, na baada ya hapo isizidi saa moja kwa siku mpaka atimize mitano. Katuni haimngojei mtoto ajibu.

Kigugumizi kina sheria yake peke yake. Karibu mtoto mmoja kati ya ishirini hupitia kukwama, mara nyingi kati ya miaka miwili na mitano, na wengi wao hupona. "Tulia, vuta pumzi, anza upya" haisaidii. Inamwambia mtoto kuwa anavyoongea ni aibu. Mtazame, ngoja amalize, usimmalizie. Kikiendelea zaidi ya miezi sita, au akianza kukaza uso na kukwepa kuongea, mpelekeni.

Na kwa familia ambayo jibu la kliniki litakuwa "huyu ni kiziwi": lugha ya alama haizuii sauti kutoka. Inampa mtoto lugha leo badala ya kungoja. Pale Iringa mjini kuna Neema Crafts, karakana ya watu wenye ulemavu iliyoanza 2003, na mgahawa wake unahudumiwa na viziwi. Unaagiza kahawa kwa kuandika au kwa ishara. Mkipita, kaeni hapo saa moja na mtoto. Mzazi hupumua akiona watu wazima wanataniana kwa mikono, wanafanya kazi, wanapokea mshahara.

Gwakisa masikio yake yote mawili yalikuwa na maji. Alitazamwa, akarudishwa baada ya wiki sita, akarudishwa tena. La kulia lilikauka Machi, la kushoto bado linafuatiliwa. Daftari lake sasa lina maneno 31. Wiki iliyopita mtaalamu, kwenye simu, alikuwa anayapitia moja moja, akafika kwenye "daga" akauliza ni nini hicho. Kabla hatujafungua mdomo, bibi alishasogea kwenye kioo cha simu. "Ndaga," akasema. "Nilimpa ndizi, akanishukuru. Andika."